James Augustus Grant: Mchoraji wa Mandhari ya Unyamwezi

Katika historia ya Afrika Mashariki, jina la James Augustus Grant hutajwa nyuma ya lile la John Hanning Speke, na hasa kuhusiana na chanzo cha mto Nile. Makala haya yanamtazama kama mchoraji wa mandhari, na yanadai kwamba michoro yake ya asili ni ushahidi madhubuti zaidi kuliko nakala zake zilizomo vitabuni.

Grant, mwana wa kasisi, alizaliwa Nairn, Uskoti, mwaka 1827. Alijiunga na jeshi la Uhindi mwaka 1846, na mwaka 1857 alijeruhiwa mkono wa kulia huko Lucknow. Jeraha hilo halikumzuia kuchora. Agosti 1860 alifika Unguja pamoja na Speke. Kisiwani alipiga picha kwa kamera. Bara alitegemea zaidi penseli na rangi za maji.

Wakifuata njia kuu ya misafara, walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Januari 1861. Baadaye mwaka huo Speke alitangulia, naye Grant akabaki miezi kadhaa Ukuni, kwa mtawala aliyeitwa Ukulima. Ukuni imo kaskazini mwa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi ambamo pia imo Bukene. Ingawa homa ilimsumbua, ukaazi huo ulimpa nafasi ya kuchunguza mimea na maisha ya kijijini, jambo ambalo msafiri apitaye njia hulikosa.

Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilipambwa kwa picha zilizotokana hasa na michoro ya Grant. Lakini kabla ya kuchapwa zilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker wa London, ambaye alizibadili ili zisisimue zaidi. Kwa upande mwingine, orodha ya mimea ya safari hiyo, iliyochapishwa miaka ya 1870, ilihifadhi pia majina ya kienyeji, hazina kwa wanaisimu.

Grant alifariki Nairn mwaka 1892. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Mtafiti wa Unyamwezi hana budi kuanzia hapo. Hata hivyo, jicho lililochora lilikuwa la mgeni; kwa hiyo michoro hiyo sharti ilinganishwe na masimulizi ya Wanyamwezi wenyewe.