Heinrich Hertz: Jina lililoshindikana kufutwa

Mtu anayeunganisha kompyuta yake ya mkononi na mtandao usiotumia waya katika mfumo wa Linux, hasa yule anayeandika amri kwa mkono wake, huiuliza kwanza kadi ya mawasiliano imenasa nini. Amri ya zamani iitwayo iwconfig hujibu kwa mistari michache: jina la mtandao, nguvu ya mawimbi, kisha masafa, kwa mfano 2.437 GHz.

Herufi mbili za mwisho, Hz, ni kifupi cha jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefariki dunia mwaka 1894 akiwa na umri wa miaka 36. Ndilo jina ambalo wasikilizaji wa Afrika Mashariki wamelisikia kwa miaka mingi, kila mtangazaji alipotaja kilohezi za masafa mafupi.

Hertz alizaliwa mjini Hamburg tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyekuja kuwa seneta wa mji huo, na ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi uliokwishaingia Ukristo. Shuleni kijana huyo alionyesha kipaji cha lugha, akajifunza hata Kiarabu. Wakati huo huo alipenda kazi za mikono, na alifundishwa kukereza mbao. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha alisikitika aliposikia baadaye kuwa mwanafunzi wake amekuwa profesa, kwani aliona ufundi umepoteza mkono mwema.

Alianza kusomea uhandisi, lakini akaiacha njia hiyo na kugeukia fizikia. Mwaka 1878 alikwenda Berlin kwa Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa zama zile, na mwaka 1880 akapata shahada ya udaktari.

Swali kubwa la wakati huo liliachwa na James Clerk Maxwell, mwanasayansi wa Scotland. Katika miaka ya 1860, Maxwell alionyesha kwa hesabu kuwa nguvu za umeme na sumaku zinaweza kusafiri pamoja angani kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Alifariki mwaka 1879 bila ya mtu yeyote kuyathibitisha mawimbi hayo. Helmholtz alimhimiza Hertz alishughulikie suala hilo, lakini kijana huyo alipima vifaa vilivyokuwapo, akaona havitoshi, akaliweka kando.

Alilirudia akiwa profesa mjini Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kati ya mwaka 1886 na 1888. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida. Upande mmoja aliweka vyuma viwili vilivyoachana kidogo, na umeme wenye nguvu ukaruka kati yao kwa cheche. Upande wa pili, mbali na hapo na bila ya waya wa kuunganisha, aliweka duara la waya lenye upenyo mwembamba. Kila cheche iliporuka upande wa kwanza, cheche ndogo mno ilionekana katika upenyo ule. Iliwabidi macho kuzoea giza kabla ya kuiona.

Hertz hakuridhika na cheche peke yake. Aliyaelekeza mawimbi kwenye bati la zinki, yakarudi kama mwanga unavyorudishwa na kioo. Aliyapitisha katika mche mkubwa wa lami, yakapinda. Alipima urefu wake, na katika baadhi ya majaribio akapata sentimita zipatazo 66. Mawimbi ya mtandao wa kompyuta katika masafa ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12 hivi. Yametofautiana kwa urefu, lakini ni ya jamii moja na yanafuata kanuni zile zile.

Hata hivyo, lengo lake lilikuwa kuthibitisha nadharia. Mwaka 1889 mhandisi mmoja alipomwandikia kumuuliza kama mawimbi hayo yangeweza kutumika kwa simu, Hertz alimjibu kuwa haiwezekani.

Mwaka huo huo alihamia Bonn. Kuanzia mwaka 1892 aliandamwa na maradhi makali ya kichwa, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, na tarehe 1 Januari 1894 akafariki, akimwacha mjane, Elisabeth, na mabinti wawili wadogo. Mwaka uliofuata Guglielmo Marconi wa Italia alianza majaribio ya kupeleka ishara kwa mawimbi yale yale, na mwaka 1901 akatangaza kuwa amezipokea ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1930, tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme iliamua kwamba mtetemo mmoja kwa sekunde uitwe kwa jina la Hertz. Miaka mitatu baadaye Wanazi walishika madaraka. Kwao, mtu mwenye asili ya Kiyahudi hakustahili heshima hata akiwa kaburini, na picha ya Hertz iliondolewa katika ukumbi wa baraza la mji wa Hamburg. Binti yake Mathilde, mwanabayolojia, alinyang'anywa haki ya kufundisha chuo kikuu. Katikati ya miaka ya 1930 mjane na mabinti hao waliihama nchi ambayo marehemu aliiletea sifa, wakaishi uhamishoni Uingereza.

Picha hiyo ilirejeshwa baadaye. Mwaka 1960 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo nao ukaliidhinisha jina la Hertz. Waliotaka lisahauliwe waliweza kuivua picha ukutani na kuifukuza familia. Kipimo kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya ulimwengu mzima, na leo kinasomwa Mombasa, Muscat na London na watu wasiojua kwamba wanalitaja jina la mtu.