George Pilkington: Mfasiri Aliyechomwa Moyo

Miongoni mwa wafasiri walioacha alama katika lugha za Afrika Mashariki, George Lawrence Pilkington ana nafasi ya pekee. Alizaliwa Ireland mwaka 1865, akasomea Kigiriki na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akafika Mengo, Buganda, mwishoni mwa mwaka 1890 akiwa mmisionari. Wakati huo Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji, na waliotangulia walikuwa wameanza kwa Injili za Kiswahili. Akishirikiana na Henry Wright Duta, mjuzi wa Kiganda, Pilkington alilishughulikia Agano Jipya hadi likakamilika kwa lugha hiyo mwaka 1893.

Hata hivyo, umahiri wa lugha haukumtuliza. Karibu na wakati huo Mkristo mmoja, Musa Yakuganda, aliomba ahesabiwe tena kuwa asiyeamini, kwani dini aliyoipokea haikumbadilisha. Ombi hilo lilikuwa pigo kwa waliomfundisha. Ikiwa msomaji alibaki mtupu, je, mfasiri mwenyewe alikuwa na nini? Desemba 1893 Pilkington alijitenga katika kisiwa cha Kome, Ziwa Viktoria. Huko alisoma kijitabu cha mhubiri wa Kitamil, akatambua kwamba amefanya kazi kwa nguvu zake mwenyewe.

Aliporejea Mengo hakuwakemea waumini. Yeye na wenzake walikiri kwanza upungufu wao mbele ya kusanyiko. Jambo hilo liliwashangaza watu, maana walimu ndio waliozoea kuhukumu. Maandiko yaliyokwisha kuzoeleka masikioni sasa yalichoma mioyo. Wengi walihuzunika na kutubu kwa sauti.

Huzuni hiyo haikuishia katika machozi. Mwaka 1894 nyumba za kusomea, zilizoitwa sinagogi, zilianza kuenezwa vijijini kwa mpango wa Pilkington, na walimu wa Kiganda wakapelekwa huko. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896. Mwaka uliofuata askari wa Kisudani waliasi, na Pilkington akaandamana na jeshi la serikali akiwa mkalimani. Aliuawa kwa risasi karibu na ngome ya Luba, Busoga, tarehe 11 Desemba 1897, akiwa na umri wa miaka 32.

Maisha yake yanawakumbusha wanafunzi wa tafsiri kwamba mfasiri ndiye msikilizaji wa kwanza wa matini yake. Asiposikia yeye, atawasikilizisha nani?