J.L.B. Smith na Samaki wa Kale

James Leonard Brierley Smith, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1897, alikuwa mhadhiri wa kemia aliyeshikwa na mapenzi ya samaki. Mwaka 1939 alimpa jina la kisayansi silikanti aliyevuliwa karibu na East London Desemba 1938, kiumbe aliyejulikana kwa visukuku tu. Ila matumbo yake yalikuwa yametupwa; bila wa pili, uainishaji ungebaki nusu. Smith akasambaza vipeperushi vya Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi pauni 100. Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi wa pwani hii, hakikukumbukwa! Miaka 14 ikapita, hata Ahamadi Abdallah alipomvua wa pili kisiwani Anzuani, Desemba 1952. Smith alifariki mwaka 1968. Silikanti wa Malindi, kaskazini ya Kisauni, alinaswa mwaka 2001.