Selous: Mwindaji mzee aliyeivamia Bukoba

JUNI 22, 1915, majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kisumu kwa meli yalishuka ufukweni kaskazini ya Bukoba. Mji huo ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani katika nchi ya Wahaya, ikiwamo Ihangiro, ambayo leo imo wilayani Muleba. Miongoni mwa wavamizi alikuwamo mzee wa miaka 63, Frederick Courteney Selous.

Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851. Akiwa na umri wa miaka 19 alifika Afrika Kusini, na mwaka uliofuata Mfalme Lobengula wa Wandebele akamruhusu kuwinda tembo, ingawa alimwona kuwa mtoto tu.

Silaha yake ilikuwa gobore zito la kushindiliwa mdomoni. Baruti aliibeba katika mfuko wa ngozi, akaichota kwa mkono bila kuipima, kisha akaisindikiza kwa risasi ya mviringo yenye uzito wa gramu zaidi ya 100. Kati ya 1872 na 1874 aliua tembo 78. Siku moja gobore lilikataa kulipuka. Msaidizi wake akalishindilia tena juu ya baruti ile ile. Lilipofyatuka lilimwangusha Selous na kumpasua shavu. Hadi leo, anayejaza upya ganda la risasi lililokwisha kutumika hana hofu kubwa kuliko hiyo ya kujaza mara mbili.

Baadaye alishika bunduki za kisasa za risasi zenye ganda la shaba. Mwaka 1890 aliongoza njia msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashona, kazi ambayo wenyeji wa huko hawana sababu ya kuishukuru.

Bukoba ilitekwa Juni 23. Ngome na mtambo wa simu ya upepo vilibomolewa. Askari wakaupora mji. Wasifu mwingi wa Selous hulipita jambo hili haraka mno.

Wajerumani, waliozingirwa baharini, walihitaji sana risasi. Aprili 1915 meli yao Rubens ilishambuliwa na kuzama katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wapiga mbizi waliopoa shehena yake. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa na kujazwa upya. Bila kazi hiyo ya mikono, sidhani kama Jenerali Lettow-Vorbeck angaliweza kupigana hadi Novemba 1918.

Selous hakuuona mwisho huo. Januari 4, 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, mdunguaji wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi akafa papo hapo. Akazikwa huko huko.

Pori la akiba lilipewa jina lake mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, pamoja na kaburi hilo, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.