Tom Mboya na Nauli za Watoto wa Wenzake



Kila Januari, inapofika zamu ya michango ya shule, mimi humkumbuka marehemu Tom Mboya wa Kenya.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alisoma hadi Mangu, kisha akaacha shule kwa kukosa ada. Akajifunza ukaguzi wa afya, halafu akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Labda ndiyo maana alijua uchungu wa kijana aliyekwama. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi, lakini nauli haikuwapo. Mboya akaenda huko kuiomba. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa miongoni mwa waliosafiri.

Huku nyumbani nako wazazi na majirani walichanga, shilingi kwa shilingi, ili mtoto asiende mikono mitupu.

Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Siku hizi ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari na chakula bado vyataka fedha. Nilipofundisha niliona madawati yaliyobaki matupu kwa sababu ya vitu hivyo vidogo. Basi tusichangie wa kwetu tu. Tumkumbuke na mtoto wa jirani.