Jimi Hendrix: Visanduku Vitatu na Mguu Mmoja

Bumu likiingia tu, mpiga gitaa wa hosteli hawazi madaftari. Anawaza pedali. Moja ya mkwaruzo, moja ya mwangwi, moja ameiona kwenye simu na hata hajui inafanya nini, halafu ubao wa kuzipanga zote ili siku ya kukaribisha mwaka wa kwanza aonekane yuko kazini kweli. Sio dhambi. Ila kabla hujamaliza hela ya kula ya muhula mzima, hebu kaa hapa kidogo tukusimulie maisha ya jamaa mmoja ambaye mpaka leo wauza pedali wanalitumia jina lake kuuzia mali.

Jimi Hendrix alizaliwa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Jina lake la kwanza lilikuwa Johnny Allen. Baba yake, Al, alikuwa jeshini wakati huo, na aliporudi akambadilishia akawa James Marshall. Likumbuke hilo jina la Marshall, tutalikuta tena mbele. Nyumbani hali ilikuwa ngumu: wazazi waliachana, hela hakuna, na mwaka 1958 mama yake, Lucille, akafariki. Mtoto alianza kwa kushika ufagio akijifanya anapiga gitaa. Baadaye akaokota kwenye takataka kigitaa kidogo chenye uzi mmoja, akawa anapigia huo huo mmoja. Gitaa lake la kwanza la maana lilikuwa la mtumba, dola 5. Mwaka 1959 baba akamnunulia la umeme, nalo halikudumu, likaibwa.

Jimi alitumia mkono wa kushoto, na magitaa ya watu wa kushoto yalikuwa adimu. Alichofanya ni kuligeuza gitaa la kulia juu chini na kufunga nyuzi upya. Matokeo yake, vidude vya volyumu ambavyo kwa wengine huwa chini ya nyuzi, kwake vikawa juu, karibu kabisa na mkono unaopiga. Ukimaliza makala hii utaona kwa nini jambo hili dogo lina uzito.

Mwaka 1961 alikamatwa ndani ya magari ya wizi, akaona bora jeshi kuliko jela. Akapelekwa kwenye kikosi cha askari wa miavuli, Fort Campbell, huko Kentucky. Huko alikutana na Billy Cox, mpiga besi, wakawa marafiki mpaka mwisho. Jeshi lilimwachia mwaka 1962, na hapo ndipo shule yake hasa ikaanza: miaka mitatu na ushee ya kupiga nyuma ya wakubwa. Alipiga na Isley Brothers, alipiga na Little Richard, alizunguka kwenye kumbi za Wamarekani weusi kusini na mashariki mwa nchi. Mpiga gitaa wa nyuma haruhusiwi kujidai. Kazi yake ni kushika mdundo, kumwachia mwimbaji nafasi, kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Hakuwa na ubao wa pedali. Alikuwa na vidole, gitaa, na amplifaya yoyote iliyokuwepo ukumbini usiku huo. Yaani kabla dunia haijamjua kwa kelele, alikuwa ameshajifunza kupiga safi.

Mwaka 1966 alikuwa New York, akipiga kwenye kumbi ndogo za Greenwich Village, mfukoni hana kitu. Hapo akasikika na Chas Chandler, mpiga besi wa The Animals aliyekuwa anataka kugeukia umeneja. Tarehe 24 Septemba 1966 wakatua London. Haikupita muda bendi ikawa imeundwa: Noel Redding kwenye besi, Mitch Mitchell kwenye dramu, na jina The Jimi Hendrix Experience.

London ndiko alikokuta vifaa. Cha kwanza ni amplifaya za Jim Marshall, fundi na mwalimu wa dramu ambaye Mitchell alikuwa anamfahamu siku nyingi. Ndiyo, James Marshall alikutana na James Marshall. Amplifaya hizo za wati 100, na makabati ya spika yaliyopandana kumzidi mtu kimo, zilikuwa na nguvu ya kujaza ukumbi mkubwa.

Cha pili kilikuwa kisanduku cha chuma, cha duara kama sahani, kikiitwa Fuzz Face. Kilikuwa kimetoka tu madukani mwaka huo huo. Ndani yake hamna mengi: transista mbili, betri ya volti 9, na juu vidude viwili vya kuzungusha. Kinaisukuma ishara ya gitaa kupita uwezo wake mpaka vilele vinakatwa, na ndio unasikia ule mlio mnene wenye mkwaruzo. Cha tatu kikaja 1967 kutoka California: pedali ya wah, ambayo unaikanyaga mbele na nyuma kwa wayo, na gitaa linaanza kutamka kama mtu anayefumba na kufumbua mdomo.

Halafu kuna Roger Mayer. Huyu alikuwa kijana aliyefanya kazi serikalini kwenye utafiti wa sauti na mitetemo kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, na usiku anaunda vifaa vya wapiga gitaa. Alikutana na Hendrix mwanzoni mwa 1967, akamletea kisanduku kinachoongeza noti ya oktavu juu ya ile uliyopiga, ambacho baadaye kiliitwa Octavia. Kinasikika kwenye solo ya Purple Haze iliyorekodiwa mwaka huo. Mayer pia alimtengenezea na kumrekebishia vifaa, na sababu ilikuwepo. Transista za germaniamu za wakati ule hazikufanana. Visanduku viwili vya Fuzz Face vilivyotoka kiwanda kimoja vingeweza kutoa milio tofauti kabisa, na joto likipanda mlio unabadilika tena. Unajaribu mchana mambo safi, usiku taa za jukwaani zinawaka, kifaa kinakugeuka.

Sasa, ubao wenyewe uko wapi? Hakuna. Visanduku vililala chini sakafuni, waya zimesokotana, na yeye anacheza katikati yake. Tarehe 18 Juni 1967, Monterey, California, nchi yake ilimwona hivyo kwa mara ya kwanza kwenye tamasha kubwa, na alimaliza kwa kulichoma moto gitaa. Picha ya moto ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Ila moto hauhitaji akili nyingi. Twende Woodstock.

Ilikuwa Jumatatu, 18 Agosti 1969, kama saa 3 asubuhi. Alitakiwa kufunga tamasha Jumapili usiku, lakini ratiba ilikuwa imeharibika vibaya na watu wengi walishaondoka. Alipanda na bendi mpya ya watu sita, akiwemo rafiki yake wa jeshini Billy Cox, na mpiga ngoma Juma Sultan, ambaye usidanganyike na jina, ni Mmarekani. Chini miguuni palikuwa na vitu vitatu kwa mpangilio huu: gitaa linaingia kwenye wah, wah inaingia kwenye Fuzz Face, Fuzz Face inaingia kwenye Uni-Vibe, ndipo Marshall.

Mpangilio huo una maana yake. Wah ikiwa mbele, wayo unachagua ni sehemu gani ya sauti iende kukwaruzwa. Ukizibadilisha, wah inafagia juu ya sauti ambayo imeshakwaruzwa, na unapata mlio mwingine kabisa. Uni-Vibe ilikuwa kifaa cha Kijapani: ndani yake kuna balbu inayopumua, inawaka na kufifia, imezungukwa na vipande vinne vinavyohisi mwanga, na kila balbu inapopumua sauti inazunguka kama feni ndani ya chumba. Akiiweka mwisho, kinachozungushwa ni mkwaruzo wote mzima. Asubuhi ile, kwa gitaa moja na visanduku vile, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani na ndani yake ukasikia mabomu na ving'ora, wakati vijana wa rika lake wako vitani Vietnam.

Na hapa ndipo lile gitaa lililogeuzwa linaporudi. Fuzz Face ina tabia moja: ukishusha volyumu ya gitaa, mkwaruzo unapungua na sauti inasafika, bila kuizima pedali. Kwa hiyo Hendrix alikuwa na milio mingi ndani ya kisanduku kimoja, na kiongozi wake ni mkono, ule ule uliofundishwa adabu nyuma ya Little Richard. Mguu uliamua mara chache. Mkono uliamua muda wote.

Vifaa havikumheshimu kila siku. Kwenye Isle of Wight, Uingereza, usiku wa kuamkia 31 Agosti 1970, mawasiliano ya redio ya walinzi yaliingia kwenye amplifaya zake na kutokea kwenye spika katikati ya wimbo, mbele ya umati mkubwa. Aliendelea kupiga. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Septemba, alipiga kwenye kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani, na hilo likawa tamasha lake la mwisho na bendi. Tarehe 18 Septemba 1970 akafariki London baada ya kumeza dawa za usingizi kupita kiasi. Alikuwa na miaka 27. Kutoka kutua London mpaka kifo ni miaka minne tu, yaani muda ule ule wa baadhi ya digrii hapa kwetu.

Ndiyo maana hesabu yake inauma kidogo. Sisi miaka minne tunaweza kuimaliza tunakusanya visanduku. Yeye aliingia kwenye minne yake akiwa ameshapiga miaka minane, mingi yake bila kisanduku cha kumficha. Kwa hiyo, mshikaji, kama hela ni ya pedali moja, nunua moja uijue mpaka tabia yake ya joto. Kama unazo tatu, jioni moja zibadilishe mpangilio, sikiliza, andika. Weka betri mpya kabla ya shoo, na ukishuka jukwaani chomoa waya wa gitaa kwenye pedali, maana pedali nyingi za betri zinaendelea kula betri waya ukiwa ndani. Halafu kuna zoezi ambalo halina gharama: piga wimbo mzima bila kukanyaga chochote, kwa kidude cha volyumu tu. Ukiona wimbo umekufa, basi tatizo haliko sakafuni.