Uzee wa Ibn Khaldun

Wako miongoni mwetu watu ambao, wakisha kuacha kazi, hushinda barazani wakingojea mauti. Na wautazame uzee wa mwanachuoni Ibn Khaldun.

Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Ujanani aliwatumikia wafalme wengi wa Maghribi, akaonja cheo na akaonja jela. Muqaddima yake aliiandika mwaka 1377. Mwaka 1382, naye ana umri wa miaka khamsini, alihamia Misri, akasomesha Azhar, na mwaka 1384 akapewa ukadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Mwaka ule ule chombo kilichokuwa kikiwaleta ahli zake kutoka Tunis kilizama, wakafa maji.

Msiba ule haukumkalisha kitako. Alihiji mwaka 1387, akarejea kusomesha na kuvisahihisha vitabu vyake. Mwaka 1401, naye akaribia sabini, alikutana na Timur nje ya mji wa Damascus. Ukadhi alivuliwa na kurejezewa mara kadha wa kadha. Alipofariki Cairo mwaka 1406 alikuwa angali kadhi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi, ewe mzee wetu, elimu au ufundi ulio nao usizikwe nawe. Mtafute kijana mmoja, umfundishe.